Mlango Uliofunguliwa Mara Mbili

Tangu filamu ya mdogo wake itoke, Mwalimu alikuwa hatulii. Kama hakuwa barabarani akimfundisha mtu kukanyaga klachi, alikuwa jikoni akinywa chai kwa kusimama, na siku akijilazimisha kuketi, mguu wake mmoja ulicheza chini ya meza mpaka vikombe vikalia. Yeye ndiye aliyebandika kwenye dashibodi ya gari la shule ya udereva karatasi yenye maandishi makubwa, SIMU MARUFUKU, na yeye ndiye ambaye sasa, kila taa zikiwa nyekundu, alichomoa yake mfukoni aone watu wameandika nini.

Walikuwa wameandika mengi. Gazeti moja lilisema filamu hiyo inaonyesha jinsi mapenzi ya mtandaoni yalivyo, bila kutia chumvi. Mtangazaji wa redio alisema ameitazama mara mbili na kulia mara tatu, hesabu ambayo Mwalimu hakuielewa ila aliipenda. Mchambuzi mmoja kijana, wa wale wasioweza kuomba maji bila kutumia maneno manne magumu, aliandika kwamba filamu inatuuliza sisi ni nani hasa tunapojificha nyuma ya skrini. Mwalimu alisonya. Yeye hakujificha nyuma ya kitu chochote. Aliyejificha ni mwenzake.

Kisa chenyewe kilikuwa hivi. Kwa karibu miaka mitatu Mwalimu alipendana kwenye simu na mwanamume aliyejiita Nahodha, mkuu wa meli ya mizigo, mtu wa bandari za mbali na mtandao wa kukatikakatika. Simu za picha hazikuwezekana, eti kwa sababu ya bahari. Lakini picha za kawaida zilikuja kwa wingi: kifua kipana, ndevu zilizochongwa, shati jeupe lisilo na hata kunyanzi moja. Na sauti ilikuja kila jioni, nzito, ya taratibu, inayouliza umekula, umechoka, leo nani kagonga nini, na mwishowe ikaahidi ndoa. Mwalimu, ambaye humnasa mara moja mwanafunzi anayesema ameangalia kioo na hajakiangalia, alimeza hayo yote bila kutafuna.

Mdogo wake, kitindamimba wa nyumba yao na ndiyo maana wote wakamwita Kitinda, alikuwa amechosha mgongo wake kwa kupiga video za harusi na matangazo ya magodoro. Siku moja akamwambia, dada, twende tukamtafute huyo Nahodha wako, mimi nitashika kamera. Wakamtafuta. Filamu inaonyesha upekuzi wote mpaka anwani ikapatikana, katika mji wa jirani, mbali kabisa na maji. Mwalimu akapiga hodi. Mlango ukafunguliwa, akatokea fundi wa friji, mfupi, mwenye kipara, amevaa shati lililopigwa pasi upande mmoja. Picha zote zilikuwa za mwanamume wa tangazo la mashati. Mwalimu akalia palepale kizingitini, na kamera ikakaa hapo haikuondoka.

Watu walipenda sehemu mbili. Ya kwanza ni dukani, Mwalimu anajaribu gauni la harusi la rangi ya maziwa, anageuka mbele ya kioo, anauliza, "Nimenona?" na sauti ya Kitinda nyuma ya kamera inamjibu, "Umependeza, dada." Ukumbi mzima hucheka hapo, na kicheko chenyewe huumiza. Ya pili ni kile kilio. Wengine waliandika kwamba mama mzima hana akili, na hao Mwalimu aliwatukana kimoyomoyo akaendelea na safari. Lakini wengi waliandika neno moja ambalo alilishika kama mtu anavyoshika kamba: hakuna mwigizaji anayeweza kulia hivi, huyu analia kweli. Kudanganywa alidanganywa. Kuchekwa alichekwa. Ila machozi yale hakuna aliyesema ni ya bandia, na ndicho kitu pekee alichotoka nacho pale mlangoni.

Siku mambo yalipoharibika alikuwa na mwanafunzi wake mkunga, mama wa mwili na maneno, aliyeamua kujifunza gari baada ya kuzalisha nusu ya mji. Walikuwa wanafanya mazoezi ya kuegesha kinyumenyume nyuma ya ghala. Simu ikatetemeka.

"Mwalimu," mkunga akasema bila kugeuza shingo, "hiyo karatasi ya simu marufuku inatuhusu sisi tu, au na wenye gari?"

"Angalia kioo cha kushoto."

"Nakiangalia. Nakuona wewe unasoma."

Mwalimu hakumsikia. Alikuwa anasoma uchambuzi wa Bi Shubiri. Watu wa filamu walimpa bibi huyo jina hilo kwa sababu sifa zake zilikuwa chache na shutuma zake zilikuwa hazitemeki. Kitinda alikuwa akimngoja kwa roho juu tangu filamu ilipoanza kuonyeshwa.

"Nimeipenda filamu hii," Bi Shubiri aliandika, "na ndiyo maana inaninyima usingizi. Kabla sijawa adui wa watu kwa kalamu nilikuwa fundi wa sauti, na masikio yangu hayajastaafu. Tazameni tena pale mlangoni. Kamera iko barabarani, nyuma ya mgongo wa dada. Mlango unafunguliwa, mwanamume anasema, 'Ni wewe,' nasi tunasikia pumzi yake. Tunasikia mate yakimezwa, na kola ikisugua. Sauti ya namna hiyo haisafiri kutoka ng'ambo ya ua, inatoka kwenye maiki iliyobandikwa ndani ya shati. Niambieni basi: mtu anayefumaniwa nyumbani kwake na wageni asiowatarajia, maiki alivishwa na nani? Kama mdogo alijua, je, dada hakujua? Na kama alijua, tumelizwa na mwigizaji hodari."

Mwalimu aliyasoma maneno mawili ya mwisho, akayasoma tena. Mwigizaji hodari. Gari likatoa kishindo kidogo.

"Nimeingia?" mkunga akauliza.

"Umeingia kwenye pipa. Toa gari, tunaenda mjini."

"Mjini! Leo si tulisema kuegesha tu?"

"Umezalisha watu umeme umekatika, barabara itakushinda? Weka gia ya kwanza."

Wakaenda. Mkunga aliendesha huku akimtaja Mungu kwa majina yake yote, na Mwalimu, mguu juu ya breki yake ya upande wa abiria, aliirudisha filamu kichwani. Ile pumzi. Aliifahamu ile pumzi. Mara ngapi ameitazama sehemu ile kwa ajili yake tu, akijiambia kwamba walau pumzi ya mtu haidanganyi, kwamba yule fundi alishtuka kweli kama yeye. Mara moja akakanyaga breki ghafla, na mkunga akapaza sauti, kumbe mbele hapakuwa na kitu.

Chumba cha Kitinda kilikuwa juu ya duka la vipuri. Kuta alizitundikia mablanketi ili sauti isirukeruke, madirisha yalikuwa yamefunikwa, na hewa ilinuka kahawa ya jana. Kwenye skrini mbili kubwa alikuwa yeye mwenyewe, Mwalimu, amegandishwa mdomo wazi. Kitinda alikuwa anatengeneza kipande kifupi cha kupelekwa kwa jopo la tuzo.

"Umesoma," Kitinda akasema.

"Nimesoma. Maiki alivishwa na nani?"

"Yule bibi ana roho mbaya, dada, kila mtu anajua. Sauti huwa tunaisafisha baadaye, kuna programu siku hizi zinavuta..."

"Kitinda."

Kitinda akashika kikombe, akakiweka. Alikuwa na uso uleule wa mwanafunzi anayeapa kwamba ameangalia kioo.

"Nilimvisha mimi," akasema. "Asubuhi ile, kabla sijaja kukuchukua."

"Kwa hiyo ulishakwenda kwake."

"Mara moja tu kabla ya siku hiyo! Dada, sikiliza kwanza, usinikatize. Ningekupeleka kwenye mlango ambao mimi mwenyewe sijaugonga? Angekuwa muuaji je? Nilikwenda kwa ajili ya usalama wako."

Lilikuwa jibu la maana, na ndilo lililomuuma zaidi, kwa sababu hakuwa na pa kulishika. Ndugu gani angefanya vingine? Mwalimu akatembea mpaka kwenye mablanketi, akarudi. Chumba kilikuwa kidogo, kila akigeuka alijikuta anatazamana na sura yake mwenyewe kwenye skrini.

"Na ulipokuta si muuaji? Ulipokuta ni fundi wa friji mwenye kipara?"

"Ningekwambia, filamu ingekufa."

"Na maiki ya nini? Kama unaficha, si ufiche vizuri!"

Kitinda akacheka kidogo, kicheko cha mtu aliyejikwaa mbele za watu. "Mazoea, dada. Hata sikufikiria, mkono ulikwenda wenyewe. Miaka yote hii ya harusi, bwana harusi unambandika maiki nyumbani, kabla hajatoka nje kuonana na bibi harusi. Ukichelewa, lile neno lake la kwanza linapotea. Nimefanya hivyo mara zisizohesabika. Nikafanya na kwake."

Mwalimu alitaka kucheka na alitaka kumpiga, na kwa kuwa hakujua aanze na lipi, akakaa. Mguu ukaanza kucheza.

Ndipo Kitinda akaleta ombi lake. Jumamosi kulikuwa na mjadala wa wazi ukumbini. Jopo la tuzo lingekuwapo, na Bi Shubiri angekuwapo. Swali litaulizwa, halikwepeki. Lakini kama dada atasema kwamba alijua, kwamba walipanga wote wawili, mambo yatakwisha palepale. Hapo hakuna aliyemdanganya mwenzake. Filamu nyingi hurudia tukio lililokwisha kutokea, si kosa.

"Yaani niseme niliigiza."

"Useme tulielewana. Neno moja tu, dada. Nilijua. Basi."

"Na kilio changu?"

Kitinda aliangalia chini. "Watu watasahau kilio," akasema. "Mimi hawatanisahau."

Mwalimu akashuka ngazi mbilimbili kama msichana, akamkuta mkunga bado ameshika usukani kwa mikono miwili na gari limezimwa.

"Kuna msiba?" mkunga akauliza.

"Hakuna. Endesha."

Mama yao alipiga simu jioni hiyohiyo. Kitinda alikuwa ameshamlilia. "Mwanangu," mama akasema, "huyo ulimbeba wewe mgongoni mimi nikiwa kazini. Usimwangushe mbele za watu." Mwalimu akasema haya mama, nimesikia mama, huku akizunguka sebuleni akinyoosha vitambaa vya makochi vilivyokuwa vimenyooka.

Usiku ulipita namna ulivyopita. Asubuhi, kabla ya mwanafunzi wa kwanza, alikaa garini kando ya ukuta wa shule akafanya jambo aliloapa hatalifanya maisha: akaifungulia namba ya Nahodha, aliyokuwa ameifungia tangu siku ile, akapiga. Hakutaka mapenzi. Alitaka kujua siku. Kitinda alisema alikwenda mara moja, hakusema lini, na mtu anayefundisha watu kukadiria mwendo na umbali hawezi kuliacha jambo kama hilo.

"Ni wewe," ile sauti ikasema. Ilikuwa nzito vilevile, mwongo yule, na moyo wa Mwalimu, usio na aibu, ukaruka.

"Usinisalimie. Mdogo wangu alikuja kwako lini?"

Fundi akavuta pumzi. "Sikutaka kuyasema hayo kwenye filamu yake."

"Lini?"

"Wiki kadhaa kabla yenu. Alikaa hapa kwangu sebuleni, akala, akaniuliza kila kitu. Nilimwambia nashukuru umenikuta, nimechoka na huu uongo, leo hii nampigia dada yako namwambia mwenyewe. Akanishika mkono. Akasema nisifanye hivyo, nisubiri, utaumia ukisikia kwenye simu, bora tuonane uso kwa uso. Nikasubiri. Sitakudanganya tena. Nilisubiri kwa sababu nilipata siku zaidi za kuzungumza na wewe. Sikuwa na ujasiri wowote."

Mwalimu alikuwa anaangalia mbele, kwenye mistari myeupe ya uwanja wa mazoezi. "Lile gauni," akasema.

"Ulinipigia ukiwa dukani. Ulifurahi sana. Ulisema ni rangi ya maziwa. Mdogo wako alikuwa ameshakuja wiki iliyotangulia. Nilikaa chini, hapa chini sakafuni, nikisikiliza."

Mwalimu akakata simu. Kwa hiyo Kitinda alisimama pale dukani na kamera yake, akijua hakuna meli, hakuna harusi, hakuna mwanamume wa kulitazama gauni, na dada yake alipogeuka mbele ya kioo akauliza amenona, akamwambia umependeza. Kwenye usalama wa dada ile kamera iliingiaje? Mwalimu aliuma meno. Angelia, lakini sasa aliogopa hata machozi yake mwenyewe, asijue nani atayachambua.

Sasa mtu atauliza: baada ya hayo, Jumamosi alikwenda kufanya nini? Alikwenda. Hakulala, hakula, alivaa viatu akavivua akavaa vingine, akaenda. Alijiambia anakwenda kwa ajili ya mama. Ukweli haukuwa mzuri hivyo. Ukweli ni kwamba ombi la Kitinda, pamoja na ubaya wake, lilikuwa na utamu ndani. Mwanamke aliyejua si mjinga. Mwanamke aliyejua hakuchezewa na fundi wa friji wala hakuchekwa na ukumbi. Ni yeye aliyewachezea wote. Baada ya miezi ya kuitwa hana akili, utamu huo si mdogo.

Ukumbi ulijaa mpaka watu wakakaa kwenye ngazi. Kitinda aliketi jukwaani kulia kwake, amevaa koti la kuazima, mikono kati ya magoti kama alivyokuwa akikaa utotoni alipovunja kitu. Bi Shubiri alikuwa mstari wa mbele. Mwalimu alitarajia mtu wa kutisha, akamwona bibi mdogo mwenye miwani minene na sauti laini kabisa. Watu waliuliza juu ya mapenzi, juu ya mtandao, juu ya picha za uongo. Yule mchambuzi kijana aliuliza swali refu ambalo mwisho wake hakukuwa na swali. Kisha bibi akasimama.

"Dada," akasema kwa upole, "nakuuliza wewe, simuulizi yeye. Ulipopiga hodi, ulijua nani atafungua?"

Kitinda hakumtazama. Sikio lake lilikuwa jekundu. Mwalimu alilijua lile sikio, alikuwa akiliosha.

"Nilijua," akasema.

Ukumbi ukavuma, kisha mtu nyuma akacheka, kisha wakapiga makofi. Makofi kweli, ya furaha, kama watu wanaoonyeshwa namna mchezo wa karata ulivyochezwa. Bi Shubiri akainamisha kichwa, akaketi. Kitinda akapumua. Mwalimu akahisi mwili unakuwa mwepesi, na kwa mara ya kwanza tangu filamu itoke mguu wake ukatulia.

Mwanamke mmoja akasimama upande wa mlangoni. Alivaa sare ya ulinzi, buti na kila kitu, bila shaka ametoka zamu au anakwenda. Hakungoja apewe kipaza sauti.

"Mimi si mtu wa filamu," akasema. "Wangu wa kwenye simu alijiita daktari wa jeshi. Hakuwapo. Ndugu zangu walinicheka mpaka nikaacha kwenda nyumbani. Halafu nikakuona wewe unalia pale mlangoni, nikasema, basi, siko peke yangu. Nimeitazama hiyo filamu sijui mara ngapi. Nimekuja leo nikuulize mtu anapona baada ya muda gani." Akasita, akaishika kofia yake. "Sasa unasema ulijua. Kwa hiyo nilikuwa peke yangu tu?"

Hakuna aliyepiga makofi. Ule utamu wote ukageuka mdomoni mwa Mwalimu, akasimama bila kujua amesimama.

"Hapana," akasema. "Hapana, mwenzangu, usiondoke. Nimesema uongo. Sasa hivi, hapa, nimewadanganya. Sikujua. Nilinunua gauni! Mtu anayejua hununua gauni? Nililia kwa sababu niliumia, na bado naumia, na huyu hapa," akageuka, "huyu alijua, alijua hata siku ya gauni, akaniambia nimependeza."

Kelele zikaanza. Kitinda akanyakua kipaza sauti. Alikuwa mweupe midomo, lakini sauti yake ilitoka tamu, sauti ya mtu wa harusi anayeomba wageni waketi. "Dada yangu amechoka, jamani," akasema. "Ni siku nyingi za maswali. Amechanganyikiwa kidogo, tumsamehe." Akamshika kiwiko amketishe.

Mwalimu akauvuta mkono. Akamtafuta yule mlinzi kwa macho. Mwanamke bado alikuwa amesimama, anamtazama. Na Mwalimu akayatambua yale macho, maana ni macho yake mwenyewe, yale anayomtazamia mwanafunzi anayeapa.

"Sasa tushike lipi?" mlinzi akauliza. Hakungoja jibu. Alivaa kofia yake akatoka.

Juma lililofuata wachambuzi walikula wakashiba. Mmoja aliandika kwamba dada ni mwongo wa kwanza kabisa aliyekamatwa akijikamata. Mwingine aliandika kwamba mjadala wote ulipangwa, ugomvi na machozi, na kwamba ni mwendelezo wa filamu kwa njia nyingine. Yule kijana wa maneno magumu alifurahi kupita wote: alisema hapa ndipo tunaona kwamba mtu hana uso wa kweli, ana nyuso tu. Bi Shubiri aliandika mistari michache. Alisema hajui amwamini nani, na kwamba amechoka. Mwalimu alisoma yote, mstari kwa mstari, kwenye taa nyekundu, kwenye foleni, mlangoni kwa daktari wa meno. Alikuwa anatafuta lile neno moja, analia kweli. Halikuwapo tena popote. Aliyelia alikuwa ameshasema ndiyo na ameshasema hapana, na watu walichagua walilolipenda.

Alimtafuta hata yule mlinzi. Alizunguka na gari kwenye majengo kadhaa yenye walinzi wa sare ile, wanafunzi wakidhani ni sehemu ya mafunzo, akawauliza wenzake getini. Hawakumfahamu.

Habari ya mwisho ilimfikia mchana, amelala chali kitandani na viatu vyake, akijaribu kupumzika kwa nguvu. Jopo la tuzo lilikuwa limekaa. Filamu isingeweza tena kushindana kama filamu ya hali halisi, walisema, lakini kazi nzuri hivyo haikustahili kutupwa. Wameihamishia kwenye filamu za kuigiza. Na yeye, dada, ameteuliwa kuwania tuzo ya mwigizaji bora wa kike.

Aliisoma ameketi. Akaisoma amesimama. Akatoka mpaka uani, akarudi. Akampigia Kitinda, kwa mara ya kwanza tangu ukumbini.

"Dada!" Kitinda alipokea kabla simu haijalia vizuri. Alikuwa anahema kwa furaha na woga. "Umeona? Dada, nilijua utapiga. Wanasema utashinda, kila mtu anasema. Nisamehe, dada, yale ya ukumbini, nilishikwa na..."

"Kuna mtu hapo ulipo?"

"Hapana. Niko peke yangu."

"Siku ile mlangoni. Niliigiza au nililia kweli?"

Mwalimu alisikia kiti cha mdogo wake kikilia.

"Kitinda. Nakuuliza wewe."

"Ulilia kweli," akasema. Sauti ya harusi ilikuwa imemtoka yote. "Hukujua chochote, dada. Mimi nilijua. Ulilia kweli."

"Sema tena."

Akasema tena, na sasa alikuwa analia yeye. Mwalimu alimsikiliza mpaka mwisho, akasema haya, akakata.

Akabaki uani na simu mkononi. Duniani walikuwapo watu wawili tu waliojua kwa hakika kwamba machozi yale yalikuwa yake, na wote wawili ndio waliomdanganya. Mmoja ameshamwambia. Ilimtosha kama dakika moja hivi. Kisha akaanza kuzunguka tena, kutoka kamba ya nguo mpaka mlangoni na kurudi, huku akitafuta namba ya yule wa pili.